Brashi Hafungi, Anafungua

Nyie vijana wa ofisi ya matukio, hamna haya! Mtu anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini na moja Desemba, baada ya miaka thelathini na mbili ya kuchora mabango ya mji huu, halafu mnampelekea kitambaa ajichoree mwenyewe bango la kumuaga? Mmeona wapi bwana harusi akijipigia vigelegele? Kitambaa nimemnyang'anya. Kiko jikoni, nimekikalia.

Sasa nisikilizeni mimi bibi yenu wa chai, niliyemjua fundi huyu kabla hamjaota meno. Tunamwita Brashi. Alikuja mwembamba kama mpini wa brashi zake, na mpaka leo hajanenepa. Chai yangu yote sijui inapotelea wapi.

Mwaka huu peke yake mji umefungua soko la ghorofa, karakana ya baiskeli, na saluni mbili zinazotazamana kwa kununiana. Hakuna mlango uliofunguliwa bila herufi zake. Kwenye maonyesho ya vitabu mvua iliangusha hema zima. Rangi ya Brashi haikutoka hata tone.

Kosa analo moja, na mji mzima unalijua. Duka la mikate la kona lilipofunguliwa, aliandika TUNAFUNGA LEO badala ya TUNAFUNGUA LEO. U moja tu ilimponyoka! Watu wakadhani mwenye duka kafilisika, wakamiminika kutafuta bei ya kutupa. Kufika adhuhuri, rafu tupu. Mwenye duka, aliyekuja amekunja ngumi, akaishia kumbembeleza: "Fundi, na kesho liache hivyohivyo!" Brashi akakataa uongo. Akapanda ngazi, akaichomeka u yake, na mpaka leo imebanwa pale kama mgeni aliyechelewa karamu.

Na nyie mnanong'ona eti mzee anafunga. Hafungi! Jumatatu anafungua kibanda chake nyuma ya posta. Nimekwenda kukiona. Milango ya mji mzima ina majina, wa kwake mtupu. Kinyozi hajinyoi, sawa, lakini kwani hana ndugu?

Na wewe Brashi, asante, mdogo wangu. Umetupamba sote, Mungu naye akupambe. Kuanzia sasa upate kazi za kuchagua, sio za kutumwa.

Nyie, njooni jikoni mchukue kitambaa. Kila mtu herufi moja, kwa mkono wake, ikipinda ipinde: BRASHI ANAFUNGUA. Na ole wake atakayeisahau u.