Nyange Hataki Mkono Mwingine

Asubuhi ile kijiweni kwa Mjomba Taufiq, hapa Chundwa, tulikuwako hawa: Mjomba Taufiq mwenyewe na dele lake la kahawa, Bwana Sadiq, tunayemwita Spika kwa sababu hakuna anayezungumza mpaka yeye amalize, na yeye hamalizi, Abdulkadir fundi wa sola, ambaye watu humwita Injinia na yeye hakatai, Mwalimu Mugambi kutoka Meru, mume wangu Shee, binti yetu mchanga Israa mgongoni mwangu, na mimi Rumaisa, ambaye benchi zima linaniita Bi Ranchi. Ranchi yenyewe ni boma la miiba nje ya mji, lenye ng'ombe wetu wachache na wa mashemeji. Shee alipokuja kuniposa kwetu Shela alisema ana ranchi, nami niliyeishia shule ya msingi nikamuuliza binamu yangu maana yake, akaniambia ni mahali ambapo wanaume hupanda farasi na wake zao huvaa viatu virefu vya ngozi. Mpaka leo navaa ndara. Benchi ni la wanaume, lakini Taufiq ni ndugu wa marehemu mama yangu, aliyeoa huku kabla sijaolewa, kwa hiyo nikileta maziwa ya chai husimama kando ya jiko lake na hakuna anayenuna.

— Bi Ranchi, — alianza Spika, — hicho kiatu mkononi ni cha ng'ombe gani?

Nikatazama. Mkono mmoja ulikuwa na dumu la maziwa, wa pili kiatu cha shule cha binti yangu mkubwa. Nilikuwa nimemvisha kimoja, nikakimbilia ndama aliyejinasa kwenye ua, na mtoto akaenda shule akichechemea bila kulalamika, maskini, akidhani ndivyo mama alivyotaka.

— Yarabi toba! — nikasema.

— Lete hapa, — Mwalimu Mugambi alikitoa mkononi mwangu polepole na kukitia mfukoni mwa koti. — Yuko darasani kwangu. Nitampa bila wenzake kuona.

— Juzi alimwita ng'ombe kwa jina la mama, — Shee akawaambia. — Alikuwa akimwita Nyange aje anywe maji, mama ndiye akaitika.

Benchi likacheka, nami nikacheka nao. Ni kweli. Mama mkwe wangu, Bi Mwanamkisi, alitoka ndani, akanitazama, akauliza tu, "Maji yenyewe ni baridi?" Mwanamke yule Mungu amweke.

— Leo mniache, — nikawaambia. — Lubna amejifungua.

Kicheko kikakatika. Lubna ni mdogo wangu, yuko Shela, kisiwani Amu. Mjomba Taufiq akaliweka dele chini.

— Alhamdulillahi! Lini?

— Jana. Mtoto wa kiume. Alfajiri amenipigia simu analia. Ananiambia, "Dada, siyui kumshika. Nikimshika naona kama atavunjika." Mumewe ana kazi kwenye nyumba ya wageni, hurudi jioni. Mama hayuko. Nani atamkanda kwa maji ya moto? Nani atampikia uji wa pilipili manga?

— Wewe, — akasema Mjomba. — Nani mwingine?

— Boti ya Amu inaondoka gatini Mtangawanda maji yakijaa. Bi Mwanamkisi amesema watoto watakula na kulala kwake. Ng'ombe wengine jirani yetu Huwaida amekubali kuwakama. Nyange ndiye hataki.

Hapo ikabidi nimweleze Mwalimu, maana wengine wote wanamjua Nyange. Ni ng'ombe mweupe, amezaa karibuni, maziwa yake ni mengi kuliko ndama anavyoweza kumaliza. Ukimwacha, kiwele kinavimba na chuchu zinafanya majipu. Lakini hashushi maziwa mpaka ndama aonje kwanza, kisha aimbiwe, kisha ahisi mkono anaoujua. Mkono anaoujua ni wangu. Asubuhi hii, baada ya simu, Huwaida alijaribu. Nyange aliipiga ndoo teke, kisha akaikalia.

— Mambo haya yana ndia yake, — Spika akakohoa. — Ng'ombe huagwa. Wewe umemuaga?

— Nimuage vipi, Bwana Sadiq?

— Kama anavyoagwa mkwe. Unakwenda, unatoa salamu, unaeleza safari, unaomba radhi. Wahenga walisema, ng'ombe haelemewi na nunduye.

— Sasa nundu inaingiaje hapo? — akauliza Mwalimu.

— Nundu ni yake. Hujasikia? Haelemewi. Basi akishaagwa, hataelemewa.

Mwalimu alifikiri kidogo, akaamua kunywa kahawa.

— Nyinyi mnaishi zamani, — akasema Injinia, na tayari alikuwa ameshatoa simu. — Ng'ombe anataka sauti, si ndiyo? Tumpe sauti. Bi Ranchi, imba hapa. Nitairekodi, nifunge kispika kwenye pembe yake, na sola ndogo kichwani ili chaji isiishe.

— Niimbe mbele ya wanaume?

— Mimi nitaziba masikio, — akasema Spika.

— Mimi nitageuka, — akasema Mwalimu.

Na kweli wakageuka wote, watu wazima, nyuso ukutani kama watoto waliofanya makosa. Nikauma leso kwa haya, kisha nikainamia simu na kuimba kwa sauti ya chini: shusha mama, shusha, mwana ameonja, shusha. Injinia akabonyeza, sauti yangu ikatoka ndani ya simu, nyembamba kama ya mtu aliye kisimani. Israa akaanza kugeuka mgongoni ananitafuta. Kwenye kona akatokea mbuzi wa jirani, akaja moja kwa moja, akasimama mbele ya Injinia akisubiri.

— Mnaona! — Injinia aliruka. — Inafanya kazi!

— Huyo ni mbuzi.

— Ng'ombe ni nini? Ni mbuzi aliyepata riziki.

— Na mkono je? — nikauliza. — Simu haina mkono.

Injinia akatazama simu yake kwa huzuni, kama mtu aliyegundua kasoro ya ndugu.

— Wacha niwaambie, — akasema Mwalimu Mugambi. — Kwetu Meru ng'ombe hana maoni. Lakini hawa wa kwenu wamezoeshwa vibaya, kwa hivyo tutumie sayansi. Ng'ombe anajua harufu. Huwaida avae leso ya Bi Ranchi, ile ambayo haijafuliwa.

— Zangu zote hazijafuliwa, — nikasema. — Chagueni.

— Si Huwaida, — Spika akadakia. — Huwaida ni mfupi, Nyange atajua. Avae Shee. Kimo ni kimoja.

Wakamgeukia mume wangu. Nilikuwa na leso ya pili begani, ya kumfunikia mtoto jua, na kabla sijasema neno Injinia alikuwa amemtupia Shee kichwani na kuibana chini ya kidevu. Shee ana ndevu. Leso ilikuwa na maua makubwa ya zambarau.

— Bi Shee, — akasema Mjomba Taufiq, — chai au kahawa?

Nilicheka hadi nikashika ukuta. Shee naye alicheka, akaizungusha leso vizuri zaidi, akaketi kwa adabu. Ndiye mtu anayenichekesha kuliko wote duniani. Lakini katikati ya kicheko simu yangu ikalia, ilikuwa Lubna, na niliposikiliza nilisikia kichanga kinalia tu, na Lubna hasemi neno. Simu ikakatika.

Nadhani sura yangu ilibadilika, maana Mjomba alinivutia kigoda chake mwenyewe.

— Keti, mwanangu. Keti kwanza.

Akanimiminia kikombe na kuweka kipande cha halwa pembeni, ile anayoificha kwa ajili ya Spika. Spika aliiona na akanyamaza. Kwa Spika, hiyo ni sadaka kubwa.

— Basi sikilizeni, — akasema Spika, sasa kwa sauti ya mtu anayeokoa taifa. — Kama Nyange haachi mkono, Nyange aende Shela na mkono wake. Apakiwe botini.

— Ng'ombe? Kwenye boti ya abiria?

— Atakaa katikati, asielemeze upande. Ndama akae mbele na nahodha. Wafike Amu, waende Shela kwa ndia ya pwani. Wageni wa hoteli watampiga picha. Mzazi atapata maziwa mabichi mlangoni. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

— Bwana Sadiq, — nikasema, — ukimtaja simba Nyange atazama.

— Au Lubna aletwe huku, — akasema Injinia. — Na kitanda chake.

— Na nyumba, — akaongeza Mwalimu.

— Na Shela yote! — Spika akapiga goti. — Mahali papa hapa. Nti hii ina nafasi.

Wakaanza kubishana Shela iwekwe upande gani wa Chundwa. Injinia alitaka iwe karibu na kisima, Spika alitaka michanga ya Shela ikae mbali na shamba lake la minazi. Mimi nilikuwa natazama jua tu. Kila dakika waliyoipoteza waliipoteza kwa ajili yangu, na sikuweza kuwakasirikia. Nilikuwa nimeanza kutunga maneno ya kumwambia Lubna: nitakuja kesho, mdogo wangu. Najua kesho ya ranchi. Ina mambo yake asubuhi, na mengine jioni.

Ndipo akaja Mueni, nesi mpya wa zahanati, na chupa yake ya maziwa. Hajatimiza hata mwezi mmoja hapa na bado anasalimia kila mtu mmoja mmoja, hata mbuzi alimsalimia. Alimtazama Shee na leso yake ya zambarau, akaamua kuwa ni desturi ya huku, hakuuliza. Mjomba akamweleza yote: Lubna, boti, Nyange, mkono. Mueni akasikiliza, kichwa upande.

— Pole sana, dada, — akaniambia. — Lakini wewe si ulizaliwa Shela?

— Ndiyo.

— Na huko mlikuwa na ng'ombe?

— Hata kuku.

— Sasa nani alikufundisha kukama?



Spika akafungua kinywa, na kwa mara ya kwanza nikaona hakina kitu. Injinia akaanza kufuta kioo cha simu. Mjomba Taufiq akainamisha dele kwenye kikombe cha Mwalimu. Yakatoka matone mawili na machicha. Kahawa ilikuwa imekwisha.

Kila mtu pale alijua, nami nilijua kuliko wote. Nilipokuja bibi harusi nilikuwa nikimwogopa hata ndama. Shee ndiye aliyechuchumaa nami kila alfajiri, akaweka kidole gumba changu mahali pake, akaniimbia wimbo ule alioimbiwa na bibi yake, mpaka Nyange, wakati huo na ndama wake wa kwanza, akatulia. Baadaye nikazoea. Yeye akabaki na kazi ya maji, ua na malisho, kazi ngumu kwelikweli, na kukama kukawa kwangu, bila mtu yeyote kusema. Hata mimi nilikuwa nimefikia kuamini kuwa ng'ombe yule hawezi kuishi bila mimi. Na kusema kweli, niliipenda imani hiyo. Siku nyingi ilikuwa ndiyo cheo changu pekee.

Shee aliivua leso taratibu, akaikunja pembe kwa pembe, akanirudishia begani.

— Ndoo iko wapi? — akauliza.

— Juu ya ua, upande wa kibanda.

— Na kamba ya ndama?

— Ndani ya ndoo.

Akakivuta kidole gumba chake, akakitazama, akakikunja na kukikunjua.

— Nenda, mama Israa, — akasema. — Injinia, mpeleke na pikipiki yako. Polepole, ana mtoto.

— Na kispika? — akauliza Injinia.

— Kipeleke kwa mbuzi, — akasema Mwalimu.

Niliiwahi boti. Nilikaa Shela mpaka Lubna alipoweza kumwogesha mwanawe peke yake bila kutetemeka. Niliporudi Chundwa, asubuhi ya kwanza nilichuchumaa chini ya Nyange, nikamwimbia, akaipiga ndoo teke. Sasa anayemkama ni Shee.