Risala ya Chumba Namba Tisa Kuhusu Mwanafunzi wa Kumi na Saba

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa Mafunzo ya Ufundi, mkuu wa chuo, walimu wetu, na nyinyi jamaa mliokubali kukaa kwenye viti visivyo na migongo:

Wakubwa tunawaamkia, wenzetu tunawasalimu. Anayesoma ni mmoja, lakini maneno ni ya watu kumi na sita. Wa kumi na saba hakushirikishwa, na sababu utaisikia.

KUKUKARIBISHA

Tunajua umetoka karakana ya magari na jengo la ushonaji bado linakusubiri. Hatutakuweka sana. Ila tulikubaliana kwamba tukikaa kimya leo, tusije tukamlaumu mtu kesho.

Chumba hiki kinatengeneza mashine za muziki. Sinthesaiza, hilo boksi lenye matundu unaloliona mezani, haina nyuzi wala ngozi. Sauti yake inazaliwa kwenye umeme, inachujwa, inanyooshwa, halafu inatoka kwenye spika. Mashine ya midundo ni ndugu yake: unaipangia mapigo, nayo inayapiga bila kuchoka wala kuomba maji. Tunaziunda kwa vipuri vya redio na televisheni zilizokufa.

TULIKOTOKA

Chumba hiki kilianza na mama mmoja aliyeleta mota ya cherehani kutengenezwa. Sisi tunamwita Bi Swichi. Alikuwa mpokeaji simu kwa miaka ishirini na miwili, zama zile simu zilipounganishwa kwa mkono: mtu anapiga, wewe unachomeka waya kwenye tundu lake, ncha ya pili kwa anayetafutwa, wawili wanaongea. Zilipoletwa mashine za kuunganisha simu zenyewe, walimpa barua ya shukrani wakamuonesha mlango. Akabaki na sikio moja zima, maana lile la kushoto liliharibiwa na spika ya masikioni, na cherehani ya kushonea sare za shule.

Siku hiyo, akisubiri mota yake, aliona kwenye meza ya mwalimu wa umeme boksi limewekewa chupa ya chai.

"Mwalimu, hiki kinafanya kazi gani?"

"Kinashika chupa, mama."

"Nauliza kweli."

"Na mimi nakujibu kweli. Bendi moja ilivunjika ikakiacha hapa. Wanasema ni kinanda. Sijawahi kukisikia kikilia."

Bi Swichi aliomba ruhusa, akaiondoa chupa, akapangusa vumbi kwa ncha ya kanga. Matundu yalikuwa arobaini, na waya zilikuwa kwenye mfuko wa nailoni pembeni. Alituambia ilikuwa kama siku ya kwanza kazini. Alichomeka waya wa kwanza, kimya. Wa pili, kimya. Wa tatu, boksi likaguna kama mtu aliyeamshwa kwa nguvu, na mwalimu wa umeme akamwaga chai yake yote.

Mota ilipona mchana uleule. Mwenyewe hakuondoka mpaka chuo kinafungwa. Kesho yake alirudi na daftari. Wiki iliyofuata tulikuwa wanne mlangoni tunachungulia, na mwisho wa muhula tulikuwa kumi na sita.

Kufundisha kwake hakuna maneno mengi. Anaweka kiganja juu ya boksi, anainamisha kichwa upande wa sikio zima, anasema, "Huyu anamtafuta nani? Mpelekeeni waya." Ukikosea hakuaibishi mbele za watu. Anasema, "Namba uliyopiga siyo. Jaribu tena."

TULICHOFANYA

Mgeni rasmi, tumeunda mashine kumi na moja za midundo. Tungeweza kukusomea orodha, lakini tutakuambia habari za moja tu, ile iliyofungwa ndani ya bati la biskuti.

Mtaani kwetu kuna kinyozi aliyepigwa na kiharusi. Upande wa kulia ulilala. Mtaalamu wa mazoezi pale hospitali alimsimamisha katikati ya vyuma vya kujishikilia kila siku, akimpigia makofi ili afuate: moja, mbili, moja, mbili. Makofi ya binadamu yanachoka, yanakimbia, yanasitasita. Mmoja wetu ni binti wa huyo kinyozi. Alimsimulia Bi Swichi, na Bi Swichi akasema, "Lile bati liko wapi?"

Tulikwenda naye hospitali. Akaiweka mashine sakafuni, akaiwasha kwa pigo moja la polepole. Kinyozi akanyanyua mguu wa kushoto. Wa kulia ukaburuzika, ukachelewa.

"Nizime?" binti aliuliza, machozi yakimlenga.

"Usizime. Mguu haujachelewa, sisi ndio tumewahi," Bi Swichi alijibu.

Akazungusha kitufe kidogo, kisha kidogo tena. Hakuwa anaisikiliza mashine, alikuwa anausikiliza mguu. Pigo na kisigino vilipokutana, kinyozi alisimama akatuangalia mmoja mmoja, akatembea hatua nne. Alipofika mwisho wa vyuma alisema neno lililomtoka mdomoni kwa shida, lakini wote tulilielewa: "Ongeza."

Leo ananyoa akiwa amesimama. Hospitali imeomba mashine nyingine tatu, na barua yao imebandikwa hapo ukutani.

KILICHOTUKWAMISHA

Mwezi wa pili wa mwaka huu alikuja mkaguzi. Hatuna ugomvi naye, alikuwa kazini. Aliuliza, "Nani anafundisha hapa?" Nasi, kwa furaha, tukamwonesha Bi Swichi. Vidole kumi na sita. Hatukujua kwamba tunamchongea.

"Cheti chako, mama?"

"Nina barua ya kuachishwa kazi. Imeandikwa kwamba nilikuwa mtumishi mwaminifu."

"Hicho si cheti cha ufundi."

"Sikusema ni cheti. Umeniuliza, nimekuambia nilicho nacho."

Baada ya siku nne ikaja barua: mtu huyo asionekane akifundisha ndani ya chuo. Bi Swichi aliisoma mara mbili, akazikunja waya moja moja, akanawa mikono, akaaga. Wengine tulitamani apige kelele. Hakupiga.

Wiki mbili tulijaribu wenyewe. Tuliunguza transista tatu. Mashine ya kumi na mbili ilitoka na pigo linalochechemea, tukaona aibu hata kuipa namba. Mwishowe tukaenda kwake, tukamkuta anapinda upindo wa sketi ya shule.

"Wanangu, nimekatazwa."

"Umekatazwa kufundisha, bibi," binti wa kinyozi alisema. "Hujakatazwa kusoma."

Akaukata uzi kwa meno.

"Fomu zinachukuliwa wapi?"

Ndivyo tulivyokuwa kumi na saba. Mgeni rasmi, tunakuambia wenyewe kabla hujaambiwa na wengine. Jina lake ni la mwisho kwenye rejista, na anakaa dawati la nyuma akiwa na sare aliyojishonea. Mwalimu wa umeme ndiye anayesimama mbele, na kipindi kinakwenda hivi:

"Nani ana swali?"

"Mimi, mwalimu. Sielewi. Waya huu tukiutoa hapa tukaupeleka tundu la tatu, mlio hautakuwa laini zaidi?"

"Swali zuri sana. Hebu njoo mbele utuoneshe usichokielewa."

Tunacheka, lakini kicheko hicho kina mwisho. Kozi inafungwa Ijumaa hii, na mwanafunzi aliyemaliza haruhusiwi kujiandikisha tena. Kwa muhula unaoanza Jumatatu wameshajiandikisha ishirini na wanne. Mwalimu wa umeme ametuambia tuandike, na tumeandika: nyaya za nyumba anazijua, boksi hili halijui.

Kuna mtihani wa wakufunzi. Bi Swichi aliuendea bila kutuambia. Fomu inadai cheti cha sekondari. Yeye aliishia darasa la saba, mwaka ambao baba yake alikufa na wadogo zake wanne wakabaki mikononi mwake. Pale dirishani karani aliirudisha fomu akisema, "Hapa pana pengo, mama." Hakutusimulia. Tuliikuta imekunjwa ndani ya daftari lake, kwenye ukurasa wa somo la kuchuja sauti. Sehemu zote zimejazwa kwa mwandiko mzuri, isipokuwa mstari mmoja.

TUNACHOOMBA

Tulikuwa na maombi sita: feni, kufuli, vioo vya madirisha na mengineyo. Katika nakala uliyo nayo mkononi utaona matano yamekatwa kwa kalamu. Joto tutalivumilia. Madirisha tutayaziba kwa maboksi.

Limebaki moja. Tunaomba Bi Swichi aruhusiwe kufanya mtihani wa vitendo wa wakufunzi, apimwe kwa anachokijua. Hatuombi apewe cheti kwa huruma. Akishindwa, ashindwe mezani akiwa na waya mkononi, si dirishani akiwa na fomu.

Ukisema ndiyo, Jumatatu ishirini na wanne watampata mwalimu. Ukisema hapana, tutaandika tena, na tutaandika kwa aliye juu yako, kwa heshima na kwa mwandiko uleule. Tumeshagawana zamu za kuandika.

MWISHO

Bi Swichi, uliye safu ya tatu, umeinamisha kichwa na tunajua kwamba umesikia kila neno. Tusamehe kwa kukusema mbele za watu. Tungekuomba ruhusa ungekataa.

Mgeni rasmi, asubuhi tumechomoa waya zote. Boksi ni bubu, na mkuu wa chuo ameshuhudia. Tafadhali taja sauti yoyote unayoipenda, ya mvua juu ya bati, ya treni, ya mtu akipiga mluzi njiani, halafu utazame saa yako mpaka boksi liitoe.

Bibi, simama. Njoo mbele.

Mungu aubariki ujio wako, ayape masikio yetu afya, na aiongoze mikono ya anayekuja mezani sasa hivi.

Ni sisi,
Kikundi cha Waya na Midundo,
Chumba Namba Tisa.