Karatasi Niliyomwachia Shemeji

Amani kwenu, akina mama wa usharika, na ninyi wazee wawili pale nyuma ambao najua mmefuata chai.

Shule niliishia darasa la tatu, ila majina ya watu hayanitoki. Ndiyo maana wakili mmoja wa Engutoto alinipa kazi ya kutafuta watu huku mlimani na kuwapa samansi, zile karatasi za kuitwa mahakamani. Mtu amehama, simu kazima. Mimi nauliza mama yake ni wa ukoo gani, kesho yake nimempata. Leo simtaji mtu, msinichokonoe.

Kulikuwa na mjane, shemeji yake mdogo kamshtaki anataka shamba lake la migomba. Nikapanda hadi kwake. Mwenyewe alikuwa shambani; uani nikamkuta shemeji mkubwa. Ndugu zangu, tunajuana. Mwanamume wa boma yupo, utampita ukampe mke wa marehemu karatasi? Niliona ni kukosa adabu. Akanipa loshoro, ule uji wa mahindi na maziwa ya mgando, nikanywa.

"Bibi, kwa miguu hiyo utafika shambani? Lete, nitampa."

Akaweka dole gumba pale pa mjane kutia sahihi. Nami nikaenda kuapa mahakamani kwamba nilimkabidhi mwenyewe.

Hakuiona. Wale ndugu walikuwa kitu kimoja. Kesi ikasikilizwa upande mmoja, shamba wakapewa.

Siku ya soko Tengeru, nachagua nyanya, yule mjane akaja akasimama mbele yangu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu."

"Wanasema ulinipa karatasi. Ulinipa wapi?"

Nawaambia, nyanya zilinidondoka.

"Wiki ijayo wanakuja kuweka mipaka," akasema, akaondoka.

Wakili alinionya kwamba kiapo cha uongo ni jela. Binti yangu akasema, "Mama, nyamaza, umezeeka." Nikaenda mahakamani.

"Bibi, unajua unachosema?" hakimu akauliza.

"Najua, mheshimiwa. Niliapa uongo. Yule mama sikumwona."

Alinikaripia mbele ya watu, akaniacha kwa onyo. Hukumu ikafutwa, kesi ikaanza upya, mjane akajieleza. Shamba ni lake hadi leo.

Kazi nilinyang'anywa. Mwaka mzima nikauza ndizi barabarani, naitwa "bibi kiapo", ndipo wakili akanirudisha.

Namshukuru mwenyekiti wa kitongoji aliyenisindikiza mahakamani, na ninyi mlionunua ndizi zangu hata zilizoiva kupita kiasi. Mkiambiwa, "Kuna karatasi yako, nimekutunzia," acheni jembe hapo hapo, mkaichukue. Kama hujui kusoma, njoo kwangu tutafute wa kutusomea.