Nguzo Haanguki

Mbele ya kibanda cha kinyozi Nicanor, katika mtaa mmoja wa jiji la Cartagena, kuna benchi ambalo halipoi. Jumamosi hiyo Evaristo alilikalia akiwa amenuna. Mtaa mzima humwita Nguzo, maana miaka yote ya masumbwi hakuna aliyemlaza ulingoni, hata Dagoberto, aliyemtwanga raundi kumi na mbili akaishia kushinda kwa pointi. Sasa Dagoberto ni mchungaji. Akikuwekea kiganja kwenye paji la uso, chali! Na mke wa Nguzo ameshatoa amri: kesho mumewe lazima aende akaombewe.

— Nitaenda, alisema Nguzo. Ila kuanguka, sahau.

— Utaanguka tu, alisema Nicanor, wembe mkononi. Mama mkwe wangu kaanguka, na unamjua alivyo.

— Ni Roho Mtakatifu huyo, alisema Fermín, rafiki wa Nguzo tangu utotoni.

— Roho gani, bwana? alidakia Nicanor. Ni ngumi ileile ya kushoto, kaivalisha suti!

— Mbona haiachi alama?

— Ngumi ya bingwa iache alama? Tena nasikia ukifumba macho anakukanyaga vidole.

— Acha uzushi. Binamu yangu kaombewa kwa simu, kaanguka jikoni!

— Kwa simu?

— Na samaki mkononi!

Nicanor alicheka hadi mteja wake akaomba wembe uwekwe chini kwanza. Nguzo hakucheka. Mikanda ilishakwenda, meno yalishakwenda, limebaki jina. Aje alipoteze mbele ya majirani, tena kwa kiganja cha yuleyule?

— Nitapanua miguu hivi, alisema, akasimama kuwaonyesha.

— Ukigoma kuanguka watasema una pepo sugu, alisema Nicanor.

— Waseme!

Hapo akafika Yadira na chupa zake za kahawa, akiwa amewasikia tangu mbali. Alikuwa mgeni, wiki hiyo ndiyo kwanza ameanza kuuza mtaani. Alimpa Nguzo kikombe, na mkono wa Nguzo ukaanza kutetemeka kama kawaida yake, kahawa ikamwagikia suruali. Nicanor na Fermín wakageuka kutazama barabara. Ndivyo walivyofanya miaka yote, kwa heshima. Yadira hakuijua desturi hiyo. Alikishika kikombe pamoja naye mpaka akanywa.

— Mzee wangu, aliuliza, kwani kesho unakwenda kuombewa nini?

Nicanor alianza kuufuta wembe uliokwisha kuwa safi. Fermín alikohoa. Nguzo aliirudisha miguu aliyoipanua, akakaa.

— Huu mkono, alisema. Siwezi tena kufunga vifungo vya shati. Mke wangu ndiye hunifunga.

Fermín akamsogelea.

— Kesho nitasimama nyuma yako, kaka. Wewe legea tu. Sakafuni hufiki.