Ng'ombe Wanaojikamua

Ndugu zangu, nimeitwa hapa mbele nishukuru kwa ajili ya baba yangu aliyetoka hospitali akiwa hai. Shukrani ninazo na nitazitoa kabla sijaketi. Lakini nimekuja na hasira pia, na ndiyo nitakayoanza nayo. Nikiificha chini ya amina, shukrani zangu zitakuwa za uongo.

Wengi mnanifahamu. Ni fundi wa mitambo ya kupasha joto majengo huku ughaibuni, kule Columbia Heights. Kazi hii sikuisomea chuoni. Niliisoma kwa vitabu vya maktaba na kwa kufungua mtambo mmoja baada ya mwingine, na mpaka leo siwezi kugusa kitu kabla sijajua kinavyofanya kazi. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwacheka vijana wenu wanaocheza mpira kwenye simu. Niliwaita watoto wenye ndevu. Baadhi yenu mlicheka pamoja nami, msijifanye hamkumbuki.

Majira ya baridi yaliyopita niliteleza kwenye barafu nje ya jengo ninalolihudumia, nikavunjika mkono. Daktari akaniamuru nikae nyumbani. Mtu aliyezoea kazi, mkono umefungwa shingoni na theluji imefika dirishani, hata mlio wa friji unamkera. Siku moja tangazo likapita kwenye simu: shamba la kijani, banda la mbao, ng'ombe weusi wenye mabaka meupe. Mimi ni mtu wa Tukuyu. Nimekulia kwenye ukungu, migomba na ng'ombe wa maziwa. Nikagusa.

Niwaeleze mchezo wenyewe, kwa sababu najua wengine mnao mfukoni sasa hivi na mnaujua kwa sura nyingine: mgodi, duka la keki, kijiji cha mashujaa. Huna adui. Hushindani na mtu. Una ng'ombe mmoja, anatoa maziwa, maziwa yanakununulia ng'ombe wa pili. Ukishapata mashine ya kukamulia, hutakiwi kufanya kitu tena. Ng'ombe wanajikamua ukiwa umelala, ukiwa kazini, hata simu ikiwa imezimwa. Ukirudi, unakaribishwa kama bwana mkubwa na kuonyeshwa maziwa yaliyopatikana wakati hupo.

Nikajipa hoja, na hoja yenyewe ilionekana safi: mchezo usionihitaji hauwezi kunila muda. Ndugu zangu, nawaambia, huo ni ujinga wa mtu anayejiona ana akili. Niliukagua mtambo, sikuuliza bomba lake la pili limeunganishwa wapi. Lilikuwa limeunganishwa kwangu.

Maana maziwa yale yanaingia kwenye tangi, na tangi lina kikomo. Likijaa, yanamwagika. Simu inalia kidogo kukuonya: tangi linakaribia kujaa. Nyumbani kwetu, mtoto aliyemwaga maziwa alipelekwa na mama bandani kumwomba ng'ombe radhi, na hakula mpaka aombe. Waliotengeneza mchezo ule hawakumjua mama yangu, lakini walijua kwamba kila mtu ana kitu cha kwao asichovumilia kukiona kikimwagika. Basi nikawa nakimbilia tangi. Kwenye foleni ya duka. Chooni. Humu humu, kwenye kiti kile cha nyuma karibu na mlango, ninyi mmefumba macho kwa maombi, mimi nakinga maziwa. Binti yangu alinitazama jioni moja akaniuliza, kwa Kiingereza chake, nani anacheza, mimi au simu. Nikamwambia awe na adabu.

Mkono ukapona, nikarudi kazini. Mchezo haukuondoka na bandeji.

Sasa nawaleta kwa baba. Baba ni mgonjwa wa kisukari wa muda mrefu, na mama alishatutangulia. Kila Jumamosi asubuhi, kule kwao ikiwa jioni, hunipigia simu. Mimi ni mzaliwa wake wa kwanza. Mnajua kwetu ilivyo: mzee anaweza kuwa mkali kama pilipili, lakini jambo kubwa likifika husubiri neno la mkubwa wa watoto, na neno hilo likishatoka, wadogo hawana la kuongeza.

Jumamosi moja alizungumza muda mrefu kuliko kawaida. Sauti yake naikumbuka, ilikuwa ya chini, ya mtu anayechagua maneno. Maneno yenyewe siyakumbuki. Nilikuwa nimemweka kwenye spika, simu iko mezani, nami kwenye simu hiyo hiyo nimefungua shamba, kwa sababu tangi lilikuwa limebakiza kidogo. Kisha akanyamaza. Nikajua ananisubiri.

Nikasema, "Sawa, baba. Fanya hivyo hivyo."

Akasema, "Asante, mwanangu. Nilijua wewe utanielewa."

Hilo nililisikia vizuri. Laiti nisingelisikia.

Majuma yakapita. Nikiwa chini kwenye chumba cha mitambo, dada yangu akapiga. Yeye ndiye anayeishi na baba.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Mbona unalia?"

"Silii, nina hasira. Kwa nini ulimwambia baba asikatwe vidole?"

"Vidole gani?"

Akasema, "Kaka, usinifanyie hivyo. Daktari alitaka kukata vidole viwili vya mguu ili kidonda kisipande. Baba akasema mpaka akuulize wewe. Akakuuliza. Sasa kidonda kimefika kisiginoni, nyumba nzima inanuka, na nikimwambia twende hospitali ananijibu, mkubwa wenu amekubali nizikwe na viungo vyangu vyote. Nani atambishia? Umempa baba ruhusa ya kufa."

Nilimpigia baba pale pale, nimesimama kati ya mabomba. Na kwanza nilidanganya. Nikamwambia nimefikiri upya, aende akatibiwe.

"Mzaliwa wa kwanza halirudishi neno kama sahani ya kuazima," akasema.

Nikadanganya tena. Nikasema siku ile mtandao ulikuwa mbaya, sikusikia.

"Mtandao gani? Ulinijibu, fanya hivyo hivyo. Nilikusikia kama uko kitandani kwangu. Dada yako amekutuma, siyo? Mwambie aniache nipumzike."

Hapo ndipo nilipofika ukingoni, ndugu zangu. Kila uongo niliokuwa nao ulikuwa na heshima ndani yake, ndiyo maana baba aliukataa. Aliona mtoto mwema anayebembelezwa na dada yake. Kulibaki jambo moja ambalo angeliamini, kwa sababu hakuna mtu mwenye akili anayeweza kujitungia aibu ya namna ile.

Nikasema, "Baba, sikukusikia kwa sababu nilikuwa nakusanya maziwa."

"Maziwa? Unafuga huko?"

"Ya kwenye simu, baba. Ni mchezo. Kuna ng'ombe."

"Nani anawalisha?"

"Hawalishwi."

"Nani anawakamua?"

"Wanajikamua wenyewe."

Nilisikia jogoo wa jirani yake. Kisha akaniuliza, taratibu, kama mtu anayetaka kweli kujua:

"Sasa wewe ulikuwa unafanya nini pale?"

Nimejaribu swali hilo kila upande tangu siku ile. Ukiniuliza valvu yoyote kwenye majengo yangu inafanya nini, nitakujibu nikiwa nimefumba macho. Swali la baba sikulijibu. Nilisimama na simu sikioni, na pampu ikiunguruma mgongoni, mwanamume mzima.

Baba akasema, "Mwambie dada yako atafute gari. Siwezi kufia ng'ombe wasiokuwepo."

Akapelekwa Mbeya. Akapona, ndiyo maana nimesimama hapa. Lakini msishangilie haraka. Vilivyotakiwa kukatwa mwanzoni vilikuwa vidole viwili. Kilichokatwa ni mguu, chini ya goti. Tofauti ya vidole viwili na mguu ni mimi na tangi langu.

Nilipolisema hili mara ya kwanza kwa mtu wa nje ya nyumba yangu, kijana mmoja ndugu yetu wa Kenya, ambaye nampenda, alinifariji akasema, "Lakini mzee, si ni game tu, na hata haikusumbui, inajicheza." Sikumgombeza siku ile. Leo namgombeza. Hilo neno "inajicheza" ndilo ndoana. Mchezo unaokuchosha utauacha ukichoka. Huu haukuchoshi, kwa hiyo huna siku ya kuuacha.

Nimesoma kuhusu michezo hii, kama nilivyosoma mitambo. Baadhi ya ile ya mwanzo ilitengenezwa kwa dhihaka: watu waliwacheka wachezaji wanaobonyeza bila kufikiri, wakatengeneza mchezo usio na cha kucheza ili mzaha uonekane. Watu wakauona mzaha, wakaupenda, wakakaa. Dhihaka ikageuka biashara. Sasa hata michezo iliyokuwa na kazi halisi ndani yake inaingiza mtindo huo huo: ondoka, tutakuchumia, rudi ukusanye. Kuna watu wenye elimu, wenye mishahara, wenye watoto, wanaokaa ofisini kupanga tangi lijae baada ya muda gani ili mkono wako urudi mfukoni. Hawakumchukia baba yangu. Hawakumfikiria kabisa, na hilo ndilo linalonichoma. Mwizi angalau anachagua nyumba.

Nami sijiondoi. Wao walitengeneza ndoana, lakini aliyemweka baba mezani kwenye spika ni mimi.

Sasa shukrani. Namshukuru dada yangu, ambaye hakunibembeleza. Namshukuru mke wangu. Watu walipouliza kilichomcheleweshea mzee matibabu, hakunifunika kwa hadithi ya umbali wala ya hospitali. Aliniangalia tu mpaka niseme mwenyewe. Na namshukuru mama mmoja wa Kikongo aliye humu ndani, sitamtaja, anajijua. Nilimwambia nimeshaufuta mchezo. Nilitegemea anipongeze.

Akasema, "Papa, kufuta ni minute moja tu. Masikio nayo utayarudisha namna gani?"

Akanieleza kwamba kwenye kambi ya wakimbizi walikokaa, simu ilikuwa moja na familia zilikuwa nyingi, na mtu alipewa muda mfupi sana wa kusema na ndugu aliye mbali. Kwa hiyo kila aliyesikiliza alirudia alichoambiwa, neno kwa neno, kabla laini haijakatika. "Mama yangu alinituma habari ya kifo namna ile," akasema. "Nililia na huku ninarudilia maneno yake. Ningelia kwanza, ningepoteza kijiji alichozikwa kaka yangu."

Nimechukua utaratibu wake. Simsemeshi baba kwenye spika tena. Simu iko sikioni, na kabla sijasema sawa, narudia: baba, umesema hivi, nami nimesikia hivi. Mwanzoni ilikuwa vigumu. Baba akisema mambo matatu, la katikati lilinitoroka. Niligundua kwamba kwa miezi mingi nilikuwa sijamsikia mtu yeyote mpaka mwisho, hata mke wangu, hata binti yangu. Sikio nalo hulegea kama mkono uliokaa kwenye bandeji, na hurudi kwa maumivu.

Hilo ndilo fundisho nililo nalo, na ni dogo. Kabla hujasema sawa, rudia ulichoambiwa. Ukishindwa kukirudia, hukuwepo, na sawa yako ni hatari kuliko hapana.

Jumamosi iliyopita baba alinipigia, akasema atakatiza mazungumzo kidogo kwa sababu ana kazi. Sikukata simu. Akaiweka yake kwenye mfuko wa shati. Nikasikia magongo yake mawili yakigonga kwenye udongo, taratibu, halafu kigoda kikiburutwa, halafu pumzi ya mtu anayejishusha chini kwa shida. Kisha maziwa yakaanza kupiga ndoo. Nilikaa jikoni kwangu nikasikiliza mpaka sauti ya ndoo tupu ikawa sauti ya ndoo inayojaa.

Mwishoni akaitoa simu. "Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

"Nimefanya nini?"

"Umetembea kwa magongo, umeketi kwenye kigoda, umekamua ndoo moja."

"Vizuri," akasema. "Huyu wangu hajikamui."

Ndugu zangu, namshukuru Mungu aliyenibakizia baba wa kuniambia hivyo. Na wewe uliyeweka mkono mfukoni nilipokuwa nazungumza, nimekuona. Liache tangi limwagike.