Mihuri Kumi na Mmoja ya Kijiji cha Solmoe

Mheshimiwa Afisa Elimu wa Wilaya, Bwana Bang. Mwalimu Mkuu Seon. Mwenyekiti wetu wa kijiji, Bwana Tak. Walimu, wazazi, na nyinyi wazee wenzangu mliojazana karibu na jiko kama kawaida yenu. Na wewe Mwalimu Yeom Suk-gyeong, ambaye leo unastaafu na kutuaga: nawasalimu nyote, kila mtu kwa cheo chake. Kama nimemruka mtu anisamehe, maana orodha ya vyeo ameiandika Mwalimu Mkuu, na maandishi yake ni madogo kama mayai ya chawa.

Mimi ni Pyo Mal-sun, bibi yake Da-on wa darasa la tano. Nimesoma madarasa matatu. La nne sikuliona, kwa sababu nilikuwa na mdogo wangu mgongoni. Kusoma sawasawa nimejifunzia kwenye nyumba wanamokutania wazee wa kijiji nikiwa na miaka sitini na tano, kwa hiyo hotuba hii nimeiandika kwa mkono wangu, imenichukua siku nne, na atakayepiga miayo nitamwona.

Nimeambiwa nitoe shukrani kwa dakika tano. Shukrani nitatoa. Lakini kuna jambo jingine, na Mwalimu Mkuu, usianze kutazama saa.

Kwa miaka kumi na tisa, Mwalimu Yeom amewafundisha watoto wetu Kiingereza kwa mikono yao. Majira ya kuchipua anawapandisha mlimani kuchuma maua ya pinki, wanayabandika juu ya vikeki vya unga wa mchele, na hakuna anayekula chake mpaka ameomba kwa Kiingereza ua la rangi gani na liwekwe wapi. Kiangazi wanaponda maua ya bustani na kuyafunga kwenye kucha usiku ili zishike rangi, na kila kidole kina neno lake, asubuhi wakifungua wanasoma vidole. Majira ya majani kuanguka ni kubandika karatasi mpya kwenye milango yetu ya fremu, na baridi ni kurusha tiara. Watoto walikuwa wakirudi nyumbani na gundi kwenye nywele na rangi kwenye mikono, nami nikifua.

Nilionaje mimi? Niliona ni upuuzi. Nilisema wazi kwamba watoto wa mjini wanakariri maneno arobaini kwa siku na wetu wanapika vikeki. Nani kati yenu hakunisikia nikisema hivyo? Nilisema kwenye shamba la pilipili, nilisema tukitia kabichi chumvi, nilisema kwenye basi mpaka dereva akaniambia, "Mama, shuka nayo hiyo."

Basi sikilizeni nilichofanya baada ya kusema.

Mwaka jana, kwenye mwezi mpevu wa kwanza wa mwaka, watoto walirusha tiara pale uwanjani. Sote tumekulia kwenye desturi hiyo. Unaandika mkosi wako juu ya tiara, unairusha, unakata uzi, mkosi unakwenda zake na wewe unaanza mwaka ukiwa mwepesi. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye ukuta. Tiara ya Da-on ilipopita karibu na kichwa changu nikaona maandishi ya Kiingereza. Kiingereza sikijui. Lakini herufi zile nilizijua, kwa sababu ziko kwenye kila kifurushi anachotuma binti yangu, mama yake Da-on, kutoka Nyuzilandi, anakofanya kazi ya kufungasha matunda kwa mwaka wa sita sasa. Ni jina la mji wake. Halafu nikamwona mtoto anachukua mkasi na kukata uzi.

Nikamshika mkono mbele ya wenzake.

"Umeandika nini pale?"

"Nilichotaka, Bibi."

"Umemfukuza mama yako kama mkosi. Ndiyo Kiingereza mnachofundishwa?"

Akaokota uzi wake uliokatika. Jioni ile Mwalimu Yeom alikuja kwangu. Nilikuwa nachambua maharage, sikumkaribisha ukumbini, na nyinyi mnajua maana ya mwalimu kuachwa amesimama uani.

"Bibi, nipe nafasi nikueleze."

"Nenda kaieleze tiara."

Akainama, akaondoka. Kesho yake nikamwambia mpwa wangu aandike barua ya malalamiko, kwamba watoto wa Solmoe wanachezeshwa, kwamba chumba cha sanaa anamofundishia kifungwe, kwamba wapewe somo la kueleweka. Nikapiga mhuri wa jina langu, ambao ndio sahihi yangu, wa kwanza kabisa, pale juu, mwekundu. Halafu nikazunguka nyumba kumi. Mwenyekiti, wewe ulipiga ukiwa unanywa supu. Bibi yake Seung-u, wewe uliniuliza, "Hii inasema nini?" nikakujibu, "Inasema kweli," ukapiga. Hakuna hata mmoja aliyesoma. Mlipiga kwa sababu nilikuwa nimesimama mlangoni na mliona sitaondoka.

Mnacheka. Chekeni, ni haki yenu. Lakini barua haikucheka, ilikwenda wilayani ikakaa kwenye faili.

Sasa nije kwenye siku niliyojua nimekosea. Ilikuwa kabla ya sikukuu ya mavuno, nabadilisha karatasi za milango. Da-on akaja na majani aliyoyakausha ndani ya kitabu, mekundu na ya njano, akataka tuyaweke pale karibu na kishikio, mahali ambapo mikono huchana karatasi haraka. Mama yangu alifanya hivyo hivyo. Nikamuuliza nani kamfundisha.

"Mwalimu Yeom."

"Na yeye nani kamfundisha?"

"Si wewe? Alikuja mwaka juzi akakuuliza kwa nini mlango wako una majani. Ukamweleza saa nzima. Sasa shule nzima tunafanya, na chini ya kila jani tunaandika jina lake kwa Kiingereza."

Nilikuwa nimesahau. Mtu anakuja kwako kujifunza, unamfundisha, halafu unamshtaki kwamba hafundishi. Tukaendelea kupaka gundi. Akasema bila kugeuka:

"Bibi, kwenye ile tiara niliandika anwani."

"Anwani gani?"

"Ya mama. Mwalimu alisema mwenye mkosi aandike mkosi, na asiye na mkosi aandike anapotaka salamu zifike. Mimi sikuwa na mkosi."

Mtoto analelewa na bibi, mama yuko ng'ambo ya bahari, na anasema hana mkosi. Nilishika brashi mpaka gundi ikakauka.

"Mbona hukuniambia siku ile?"

"Uliuliza, halafu ukajijibu mwenyewe."

Usiinamishe kichwa, Da-on. Ulisema sawa.

Kuna jambo hamlijui nje ya nyumba yangu. Mama yake Da-on aliolewa huko, na sasa ana binti wa miaka mitatu, anaitwa Tessa. Mjukuu wangu wa damu, na lugha yetu haijui hata neno moja. Kila alipopiga simu nilikuwa natabasamu kwenye kioo cha simu kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho, halafu nakwenda jikoni. Wiki ile ile ya milango, Da-on aliisogeza simu kwenye karatasi mpya, akaanza kumuuliza mdogo wake majina ya majani na rangi zake, na yule mdogo akawa anajibu na kucheka. Da-on akaniambia, "Bibi, sema na wewe, soma hapo chini ya jani." Nikasema neno moja. Nililisema vibaya kiasi kwamba mama yake alicheka mpaka akakohoa. Lakini Tessa akalirudia, taratibu, ili nimfuate. Nikamfuata. Leo nina maneno ishirini na sita, na yote yameandikwa kwenye mlango wangu.

Je, maneno arobaini kwa siku ya mjini yangenipa nini? Mwana wa dada yangu aliyakariri miaka mitatu, na mgeni alipomuuliza njia alikimbia.

Nilipaswa kuyasema haya siku ile ile. Sikusema. Kiburi changu mnakijua, kimenisaidia kulima na kulea, na safari hii kimenifunga mdomo miezi minne. Nikafunguliwa na barua iliyokuja mwezi uliopita kutoka kwako, Mheshimiwa Bwana Bang. Inasema kwamba kwa kuheshimu malalamiko ya wanakijiji, Mwalimu Yeom akistaafu chumba cha sanaa kitakuwa stoo, na kuanzia mwezi wa tatu watoto watajifunza Kiingereza kwa kutazama masomo yaliyorekodiwa. Mwalimu Guk So-ra, huyu kijana anayempokea, alifundishwa na Mwalimu Yeom kuanzia kiangazi namna ya kuendesha kila mradi, na sasa hana pa kuufanyia.

Nilipanda basi mara mbili nikaja ofisini kwako, Mheshimiwa. Ulinipa chai ya shayiri, na ulinijibu kwa adabu. Ulisema, "Bibi, mimi naheshimu mihuri. Waliopiga ndio wanaoweza kuitengua, zaidi ya nusu yao, kabla ya Ijumaa." Leo ni Jumatano. Sikukasirika. Mtu akiheshimu mhuri wangu nilipokuwa mjinga, nina haki gani ya kumlaumu?

Mwalimu Yeom, simama nikuone. Shukrani za wazee wa Solmoe ni zako: kwa vikeki, kwa kucha, kwa milango, na kwa kuwa uliondoka uani kwangu bila kunijibu, na kesho yake ukamfundisha mjukuu wangu kama jana. Mimi nilikukosea. Nilikukosea mbele za watu, kwa hiyo nalisema mbele za watu. Na wewe, Da-on, nilikushika mkono mbele ya wenzako. Wenzako hao hapo, wanasikia. Nisamehe.

Sasa, Mheshimiwa, karatasi hii ameiandika Da-on kwa sentensi tatu, na safari hii nimeisoma mwenyewe. Inasema tunatengua malalamiko yetu na tunaomba chumba kibaki. Mhuri wangu upo juu, nimeupiga asubuhi kabla ya kufungua kinywa. Chini yake kuna nafasi kumi. Inatakiwa mitano mingine.

Mihuri yenu iko mikobani, msinidanganye, hakuna bibi wa Solmoe anayetoka nyumbani bila mhuri. Wino nimeuweka mezani mbele ya Mheshimiwa. Leo someni kwanza, na asiyeona vizuri Da-on atamsomea. Asiyekubali abaki amekaa, sitamfuata mlangoni kwake.

Bibi yake Seung-u, nakuona umeshafungua mkoba. Njoo, na viatu ulivyovua karibu na jiko vivae polepole. Mwenyekiti, weka bakuli chini.

Nawashukuru kwa kunisikiliza kwa muda mrefu kuliko niliopewa. Goti linaniuma, lakini nitasimama hapa hapa mpaka nihesabu sita.