Jibu la Mwali kwa Sista Yuster

Sista Yuster Nandonde, ambaye huku Masasi tunamwita Mama Gideoni, anastaafu tarehe 30 Juni 2025 baada ya miaka thelathini na sita ya uuguzi. Miaka ishirini na moja ya mwisho ameitumia katika wodi ya tiba shufaa, akiwatunza watu ambao dawa za kuponya zimeshindwa, wengi wao wagonjwa wa saratani ya damu. Nimeombwa niandike wasifu wake kwa ajili ya jarida letu la wafanyakazi. Nilikataa mara mbili, na sababu mtaiona.

Wageni wodini humwogopa kwanza, humpenda baadaye. Uji wa mgonjwa huuonja yeye kabla ya kutolewa, na ukiwa na madonge mpishi ataitwa mbele ya watu. Mwaka juzi alipanda bodaboda kupeleka chupa ya mofini, dawa ya maumivu makali, kwa mgonjwa huko Tandahimba. Pikipiki ikalala mchangani, Sista naye akalala, lakini mkono ulioshika chupa ulibaki juu. Alipoinuka, goti likivuja damu, alimsema dereva kwa kutompa shikamoo tangu walipoondoka. Yule kijana akamwamkia pale pale, akaitikiwa marahaba, safari ikaendelea.

Juu ya kila faili wodini kwetu kuna mstari ambao hauko kwenye fomu za serikali. Unauliza: Anasubiri nini? Sista ndiye aliyeuweka. Kwa ajili ya mstari huo mjukuu wa Mzee Khalfan aliozeshwa hapa hapa wodini, babu akishuhudia akiwa ameegemezwa mito. Mama Anifa naye aliletewa korosho za kwanza za msimu kutoka shambani kwake Newala, akazishika tu, maana kutafuna hakuweza tena. Wauguzi wapya huambiwa kwamba mstari huo ni ubunifu wa Sista. Yeye huwakatiza na kusema ulitokana na kosa lake.

Kosa lenyewe ni hili. Desemba 2008 alilazwa Mwalimu Selestina wa Kitangari, mwenye saratani ya damu iliyokwisha kushindikana Dar es Salaam. Kwa desturi yetu huku, neno la mwisho juu ya mgonjwa lilikuwa la mjomba wake, Mzee Silvano. Mjomba akaagiza Selestina aambiwe amepungukiwa damu tu, basi. Sista akatii, kama wauguzi wote walivyotii wakati ule.

Wakati huo binti wa Selestina, mwenye miaka kumi na miwili, alikuwa ndani, katika unyago. Alikuwa atolewe Jumamosi ya tarehe 20 pamoja na wasichana wanne, wali wenzake. Mama alikuwa amekwisha nunua vitenge viwili vya kumvika, akaviweka chini ya mto. Kila asubuhi alimuuliza Sista kama atawahi Jumamosi, na kila asubuhi Sista alimjibu kwamba atawahi. Laiti angeambiwa ukweli, angeomba mtoto atolewe mapema, na makungwi wangekubali, kwa maana imewahi kufanyika. Selestina alifariki Jumanne. Akazikwa Jumatano, na mwali hakuambiwa, kwa sababu aliye ndani hapelekewi habari za msiba.

Jumamosi ile Sista alipanda basi la Kitangari peke yake na vitenge kwenye mfuko. Wali walitolewa bila ngoma. Alisubiri bibi yake mtoto amalize kumpa habari, kisha akapiga magoti mbele yake, mtu mzima mbele ya mtoto, akasema, "Mwanangu, mimi nilijua. Nikamdanganya mama yako kila siku. Naomba unisamehe."

Mwali siku ya kutoka hainui macho wala hamjibu mtu. Basi yule mtoto alitazama chini, akanyamaza. Sista akaviweka vitenge mbele yake, akaondoka.

Mtoto yule ni mimi.

Sikuja kusomea uuguzi kwa ajili yake, wala nilipopangiwa hospitali hii sikufurahi. Tumefanya kazi wodi moja miaka sita. Amenifundisha kupima mofini, kugeuza mgonjwa asiumie, na kuwaketisha wajomba kwenye mkeka na kuwaeleza kwa heshima kwamba ugonjwa ni wa mgonjwa, hivyo ataulizwa yeye kwanza anataka kujua nini. Hajalirudia ombi lake hata siku moja. Kwanza nilinyamaza kwa desturi, halafu kwa hasira. Hasira ilipokwisha nilinyamaza kwa aibu, kwani nilikuwa nimechelewa mno. Namlilia mama yangu hadi leo, na ninapoandika haya ninalia.

Wiki iliyopita kamati ilimpelekea Sista ratiba ya sherehe ya kumuaga. Aliirudisha. Alisema mwenye kosa kama lake hapigiwi makofi, na kwamba tarehe 30 atakabidhi funguo na kwenda zake nyumbani Mkomaindo. Kamati ikanijia mimi.

Mama Gideoni, shikamoo. Wafanyakazi wenzako wanakushukuru kwa miaka yote hii, na wanakuombea uzeeni afya, usingizi wa kutosha na uji usio na madonge. Mimi nina langu. Uliniomba jambo pale Kitangari nikiwa siruhusiwi kusema, na nilipokuja kuruhusiwa sikusema. Nimekusamehe. Sherehe ni Ijumaa tarehe 27, saa tisa alasiri. Nitakuja kukuchukua nyumbani mwenyewe, na nitakuwa nimevaa kitenge kimoja kati ya vile viwili. Cha pili nakuletea wewe.

Julia Selestina, muuguzi, wodi ya tiba shufaa